Siku Nilipomnywesha Samaki Mafuta ya Samaki

Nitawaambia, lakini mcheke polepole, kwa sababu aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na hata mke wangu aliposikia mara ya kwanza watu wa Nakuru wakiniita "Daktari wa Samaki" pale sokoni akaniuliza maana yake, nilimwambia ni mambo ya ujana, kisha nikamwonyesha vitunguu. Leo nimechoka kuficha. Nilimuua samaki wa watu mbele ya umati, nikiwa nimevaa glavu, na kabla hajafa nilikuwa nimeinama kupokea makofi.

Mimi ni Ouma. Miaka ile ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, kila mtu akitembea na karatasi zake mfukoni na kuogopa kusimama na wenzake watatu barabarani, nilikuwa dresa katika zahanati ya daktari mmoja Mhindi karibu na Bondeni, mtaa mmoja wa Nakuru. Kazi ya dresa ilikuwa kuosha vidonda, kufunga bandeji na kudunga sindano ambazo daktari mwenyewe ameandika. Basi, hapo tu. Lakini mngeniona! Koti jeupe limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo, kalamu mbili mfukoni (moja haikuwa na wino), na mwendo wa mtu ambaye amechelewa kumwokoa gavana.

Daktari mwenyewe, wagonjwa walimwita Miwani, maana vioo vyake vilikuwa vinene na bila hivyo angekudunga sindano kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake tulimwita Mama Daktari, na huyo ndiye aliyemleta samaki, kutoka Mombasa mpaka Nakuru kwa gari moshi, bakuli la kioo limekaa mapajani mwake safari nzima. Alimwita Sona, ambalo kwa lugha yao ni dhahabu. Halafu yeye mwenyewe akashikwa na kifua, akakonda, wakasema hewa ya pwani itamfaa, akapelekwa hospitali ya huko Mombasa akalala miezi minane. Samaki akabaki na sisi, juu ya kimeza katika chumba cha kungojea.

Sasa, mtu asiyewahi kuingia chumba kile hawezi kuelewa. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo, urefu wa kidole gumba, lakini rangi yake, jamani! Rangi ya kaa la moto ukilipuliza. Asubuhi saa tatu jua likiingia dirishani na kupiga yale maji, ukuta wote ulikuwa unatembea dhahabu, kutoka dari mpaka sakafu, na mimi na ufagio wangu nilikuwa nasimama pale nimesahau ninachofagia. Nasema wazi, nilimheshimu yule samaki. Wakati mwingine nilimwamkia.

Na si mimi peke yangu. Wazee waliotoka Subukia na Longonot, watu ambao kwao samaki haliwi na wanamhesabu pamoja na nyoka, walikuwa wanaingia wakipiga kelele za mashamba yao na ng'ombe wao, wakimwona tu, kimya. Mzee Kiprono, mkamuaji wa maziwa katika shamba la mzungu mmoja huko Subukia, ambaye kila Jumatatu alikuja kuoshwa kidonda cha mguu, alikuwa anavua kofia. "Huyu hafungi macho," aliniambia siku moja kwa sauti ya chini. "Usiku na mchana anatazama. Huyu anaona ugonjwa ukiingia mlangoni." Ikavuma Bondeni nzima kwamba Miwani kwanza hutazama samaki, kisha ndipo hutazama ulimi wako. Na mimi, badala ya kuwaambia ukweli, mtu akiniuliza nilikuwa nakohoa kidogo na kupanga chupa, kama mtu aliyekatazwa kusema.

Basi Jumatatu moja Miwani akaniita pale pale mbele ya wagonjwa, mkoba wa safari mkononi.

"Ouma, mimi nakwenda leta Mama. Amepona. Ijumaa, gari ya saa tano, sisi narudi." (Kiswahili chake kilikuwa hivyo, na changu siku hizo hakikuwa na cha kumcheka mtu.) "Mama, barua yote naandika, nauliza Sona tu. Hapana uliza mimi, nauliza Sona. Yeye nataka ingia, naona Sona iko. Wewe najua samaki?"

Lilikuwa swali la ndiyo au hapana. Ningesema hapana, angempeleka samaki kwa Mhindi mwenzake wa duka la vitambaa, na leo ningekuwa naitwa Ouma tu. Lakini wagonjwa kumi na wawili walikuwa wamenigeukia. Na mnajua, ukishasema jina lako ni Ouma, jina la watu wa ziwani, Nakuru nzima inaamini ulizaliwa ndani ya mtumbwi. Kumbe kwetu ni juu milimani, kufika ziwani ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na samaki niliyemjua mimi ni yule anayeletwa kichwani na mama muuzaji, mkavu, mgumu, macho hana. Samaki aliye hai nilimwona mara ya kwanza hapo hapo zahanati.

"Daktari," nikasema, sauti ifike mpaka benchi la mwisho, "mimi na samaki ni ndugu."

Miwani akafurahi, maskini. Akanionyesha kopo la chakula, unga fulani mwekundu, akachukua kiasi cha kushika kwa vidole viwili, akasema mara moja kwa siku, hapana zaidi, Ouma, hapana zaidi. Akaenda zake stesheni.

Jumanne nilitii. Lakini jioni nikakaa na ugali wangu nikimtazama, naye ananitazama, na dhamiri ikaanza kunisumbua. Kwetu mgeni hapimiwi chakula kwa vidole viwili. Hiyo ni kumtukana. Mwenye nyumba hayupo, mwenyeji ni mimi, na huyu anakaa na njaa huku mimi natafuna mbele yake? Nikamega kipande kidogo cha ugali nikakitia. Wacha aje juu! Alikuja kama radi, akakimeza, akanitazama tena. Nikaongeza. Asubuhi nikaongeza, mchana nikaongeza, nikajisemea huyu Mhindi ni mtu mwema lakini ana uchoyo kidogo.

Jumatano jioni maji yalikuwa meupe, ya kuoshea sufuria kabisa, na Sona alikuwa amelala upande karibu na chini, mdomo ukifunguka polepole, rangi imefifia. Hapo ningemwaga maji, nikatia mengine, nikanyamaza. Lakini Mama Njeri alikuwa mlangoni. Huyu alikuwa muuza uji wa Bondeni, mama mnene mwenye huruma na mdomo mpana, anayetuletea uji kila jioni.

"Ouma, mbona huyu amelala hivyo?"

"Ni mgonjwa kidogo, mama," nikasema, na nikarekebisha kola. "Namtibu."

Hilo neno mgonjwa lilitoka mlangoni kabla Mama Njeri hajatoka. Na kwetu sote, tutoke milimani, tutoke Subukia, tutoke ziwani, mgonjwa anatembelewa, na hatembelewi mikono mitupu. Alhamisi asubuhi nilifungua mlango nikakuta watu. Si wagonjwa, wageni! Mwingine na mayai matatu ndani ya kitambaa, mwingine na ndizi, Mama Njeri na kibuyu cha uji wa wimbi, unga amesaga mwenyewe. Saa nne akafika Mzee Kiprono, na siku yake ilikuwa Jumatatu, ametoka Subukia alfajiri juu ya lori la maziwa, chupa imefungwa kwapani.

"Nimesikia hali yake si nzuri," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini sikuweza. Walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wanasimama mbele ya bakuli, kofia mkononi, na wanasema "Pole, Sona, pole sana," kwa sauti ile ile mtu anayotumia kando ya kitanda. Hakuna aliyefanya mzaha. Na kila mmoja akaomba mgonjwa aonje kidogo tu, apate nguvu. Mayai nilikataa (sikuwa mjinga kabisa). Lakini tone moja la uji kutoka kwenye kidole cha Mama Njeri ungelikataaje? Na maziwa ya mzee aliyesafiri juu ya lori? Kufika jioni nilikuwa sioni tena samaki, naona kitu chekundu kinapita mahali ndani ya ukungu.

Ijumaa. Gari moshi linakuja saa tano. Tangu saa tatu chumba kilikuwa kimejaa, wengine wako nje dirishani, na Sona alikuwa amepanda juu, midomo inagusa hewa, anahema. Nilikuwa nimebadilisha maji alfajiri, lakini hali ikawa ile ile, na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, Mama Daktari akiingia mlangoni na kutazama kwenye kimeza.

Ndipo mtu mmoja, sijui nani mpaka leo, akasema, "Daktari, si umpe dawa?"

Daktari! Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Neno hilo likanipanda kichwani, nikavaa glavu, nikafungua kabati, nikasimama mbele ya chupa nikifikiri kama msomi. Mtoto aliyedhoofika tunampa nini? Tunampa kijiko cha mafuta ya samaki. Sasa ikiwa mafuta ya samaki yanamtia nguvu mtoto wa binadamu, ambaye si wa ukoo huo, je, samaki mwenyewe? Nilishangaa kwamba Miwani hakuwahi kuliwaza. Nikajaza kijiko.

Mzee Kiprono alikuwa ameinamia ile chupa, anatazama picha ya samaki iliyochorwa pale.

"Kijana, haya si mafuta ya samaki?"

"Ndiyo, mzee."

"Yametolewa ndani ya samaki?"

"Ndiyo, mzee."

Akagonga ile picha kwa kidole. "Kwa hivyo unamnywesha ndugu zake."

"Yatamkumbusha nyumbani," nikamjibu, na nikamimina.

Mafuta yalitandaa juu ya maji, na jua likayapiga, na rangi zikatoka ambazo sijawahi kuziona, kijani, zambarau, waridi, ukuta mzima ukawaka, na watu wote wakavuta pumzi, "Aaaah!" Sona akashtuka. Akazunguka bakuli mara moja, mbio, mara ya kwanza tangu Jumatano, akazunguka tena, na watu wakapiga makofi. Makofi, ndugu zangu! Nami nikainama hivi, mkono kifuani. Nilipoinuka alikuwa amesimama. Alifungua mdomo chini ya yale mafuta, akafunga, akafungua. Kisha akageuka taratibu, tumbo juu, na rangi zile zote zikaendelea kucheza ukutani kana kwamba hakuna lililotokea.

Kazi yangu ilikuwa imenionyesha watu wakifa, na nilidhani nimezoea. Lakini sijawahi kusikia kimya kama kile. Watu zaidi ya thelathini, hakuna aliyekohoa, hakuna mtoto aliyelia, wamesimama wanatazama kitu cha ukubwa wa kidole gumba kikiwa hakitembei tena. Macho yake yalikuwa bado wazi, yanatutazama vile vile, na mimi nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba kilichokuwa ndani yake, hata kama ni kidogo namna gani, ni kile kile kilicho ndani yetu, na hakirudishwi na mtu mwenye glavu. Niliogopa.

Na balaa halijaisha. Askari wa doria aliona umati, na siku hizo umati ulikuwa kesi. Akaingia na rungu.

"Nyinyi! Mkutano gani hii?"

"Si mkutano, bwana," Mama Njeri akasema, karatasi yake ya ruhusa tayari mkononi. "Tumekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa iko wapi?"

Vidole vyote vikaelekea kwenye bakuli. Askari akatazama vidole, akatazama bakuli, akainama mpaka pua ikakaribia maji, akakaa hivyo muda. Kisha akainuka, na akavua kofia.

"Huyu amekufa," akasema polepole.

Hapo ndipo walinigeukia. Mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa anangoja sindano yangu akamvuta kifuani. "Kama samaki amemshinda," akasema, wala hakusema kwa ubaya, "na alisema ni ndugu yake." Akatoka. Mwingine akamfuata, na mwingine, mpaka benchi la sindano likabaki tupu. Na wakiwa bado mlangoni, gari la kutoka stesheni likasimama nje.

Miwani alishuka kwanza. Akaona watu wamesimama kofia mikononi na askari katikati, uso ukamwisha damu. Kisha akamshika mkono mkewe, nao watu wakawapisha njia. Sikumtambua Mama Daktari. Alikuwa amebaki mifupa na macho, sari inamning'inia, anatembea kama anayehesabu kila hatua. Lakini alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kimeza.

Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya bakuli, mikono nyuma, glavu zinanuka mafuta.

"Mama, karibu," nikasema. "Sona amelala."

Askari akachungulia bakuli nyuma yangu.

"Analala tumbo juu?" akauliza askari.

"Siku hizi," nikasema (jamani, nilisema hivyo, mbele ya wote!), "siku hizi analala tumbo juu."

"Kijana," Mzee Kiprono akasema, "sema amekufa. Sisi sote tumemwona."

Nikasogea. Sikuwa na la kufanya zaidi. Mama Daktari akatazama ndani ya bakuli, akanitazama, na machozi yakanijaa mimi kabla yake. Nikasema yote, mbele ya askari, mbele ya Bondeni na Subukia. Kwamba mimi sijui samaki, sijawahi kujua, kwetu ni milimani, nilimpa ugali, nikawaacha watu wampe uji na maziwa, nikampa mafuta, na kwamba nilitaka tu kuonekana. Miwani alivua vioo vyake akavifuta, akavifuta tena, wala hakunitazama.

Mama Daktari miguu ilimwisha nguvu. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, hapo hapo kati ya watu, na kwa muda mrefu akatazama mayai, ndizi, chupa ya maziwa.

"Hii yote," akauliza, "nani naleta?"

"Sisi," akasema Mzee Kiprono. "Tulisikia anaumwa."

"Watu yote hii nakuja ona samaki yangu?"

"Alikuwa mgonjwa," mzee akasema, kama mtu anayeshangaa kwamba kuna haja ya kueleza.

Mama akainamisha kichwa. "Mimi nalala hospitali miezi nane," akasema, si kwa sauti ya kulalamika, kwa sauti ya kutaja jambo. "Bwana yangu nakuja mara mbili. Mtu ingine hapana."

Mama Njeri ndiye aliyesogea. Alichukua kile kibuyu cha uji, akamimina kikombe kwa kikombe mpaka ukatoa povu, akapiga magoti na mwili wake ule mkubwa mbele ya yule mama mkondefu, akampa kwa mikono miwili.

"Basi kunywa wewe, mama. Pole. Tumechelewa tu kujua."

Akapokea. Akanywa huku analia, na akanywa mpaka mwisho. Kisha watu wakaanza kupita mmoja mmoja, wale wale, kofia mkononi, "Pole, Mama, pole sana," na askari naye akapanga foleni. Mimi nilikuwa pembeni na glavu zangu, na nilijua ninaona kitu kikubwa kuliko mimi, na kwamba sikustahili kukiona, kwa sababu mimi ndiye niliyeua.

Miwani hakunifukuza. Alipita karibu yangu akasema, "Kesho saa mbili, kazi," na hayo ndiyo yote aliyowahi kusema kuhusu jambo lile. Sona nilimzika mimi nyuma ya zahanati, nikichimba kwa kijiko, na Mzee Kiprono amesimama juu yangu kuhakikisha nachimba kina cha kutosha. Sindano yangu hakuna mtu aliyeikubali kwa mwezi mzima. Walikuwa wanakaa upande wa pili wa benchi, wanamngoja Miwani hata kama ni kuoshwa kidonda cha kujikwaa.

Wiki iliyofuata Mama Daktari alikuja mlangoni akaniuliza kama najua kupika uji ule wa wimbi, maana ndio chakula pekee kilichokuwa kinakaa tumboni mwake. Mdomo wangu, kwa mazoea, ulifunguka kusema najua sana. Niliuona ukifunguka. Nikaufunga, nikasema, "Sijui, Mama. Lakini twende nikupeleke kwa anayejua," tukashuka Bondeni polepole, yeye ameshika mkono wa koti langu, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusema sijui, na nasema kwa sauti.